Katiba ya chama haibadilishwi kwa "Nakubali" ya WhatsApp

Katibu wa klabu moja ya mkoani, ambaye ameomba tusiutaje mchezo wake wala mkoa wake, anauliza hivi: "Ijumaa jioni Katibu Mkuu wa chama chetu cha taifa aliweka rasimu ya katiba mpya, kurasa 38, kwenye kundi la WhatsApp la viongozi wa klabu zote 41 za chama. Ametutaka tujibu 'Nakubali' au 'Sikubali' ndani ya saa 48, na akaongeza kuwa atakayenyamaza atahesabiwa kuwa amekubali. Rasimu inaziondolea klabu haki ya kupiga kura na kuipeleka kwa vyama vya mikoa, inaongeza kipindi cha uongozi kutoka miaka minne hadi mitano kuanzia kwa viongozi waliopo sasa, na inamtaka mgombea urais awe na barua tano za udhamini kutoka kwa wanachama. Tunaambiwa haya ni mageuzi ya utawala bora na kwamba shirikisho la kimataifa linayataka. Je, kura hii ni halali? Na kama si halali, tufanye nini bila klabu yetu kufungiwa?"

Ndugu Katibu, nianze na jibu lenyewe. Kama katiba mnayoitumia leo haina ibara inayoruhusu kuibadili kwa waraka au kwa njia ya mtandao, basi hiyo si kura. Ni maoni yaliyokusanywa kwa simu, na hayawi kura hata klabu zote 41 zikijibu "Nakubali". Kuhesabu ukimya kuwa ni ridhaa ni kasoro ya pili inayojitegemea. Kimya cha mwari anapoulizwa kama amekubali kuolewa kinaweza kuchukuliwa na shehe kuwa ndiyo, lakini katika mkutano mkuu wa chama cha michezo mjumbe aliyenyamaza hajasema chochote, na katibu anayemwandikia jibu amempigia kura mtu asiyemtuma.

Ichukue katiba yenu ya sasa, ile yenye muhuri wa Msajili wa vyama vya michezo na si nakala inayozungukazunguka kwenye simu, utafute ibara tatu. Ya kwanza ni inayotaja mamlaka ya kurekebisha katiba. Karibu kila chama huyaweka mamlaka hayo kwa mkutano mkuu, si kwa kamati ya utendaji wala sekretarieti. Ya pili ni inayotaja muda wa taarifa, yaani siku ngapi kabla ya mkutano wanachama wapelekewe ajenda pamoja na maandishi ya marekebisho yanayopendekezwa. Ya tatu ni ya akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwapo, na kiwango cha kura. Zikishakuwapo ibara hizo tatu, saa 48 za Katibu Mkuu hazina mahali pa kukaa.

Jambo hili limewahi kutokea hapa kwetu, tena katika chama kikubwa kuliko vyote. Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, lilipokuwa likielekea uchaguzi wa 2013, lilikuwa limeirekebisha katiba yake kwa njia ya waraka: wajumbe wa mkutano mkuu walipelekewa mapendekezo, wakajibu kwa maandishi, na katiba ikahesabiwa kuwa imebadilika bila mkutano kukaa. Mimi nadhani nia haikuwa mbaya. Rais wa wakati ule, Leodegar Tenga, ndiye aliyekuwa ameliongoza shirikisho tangu lilipotoka katika vurugu za FAT, jina lake la zamani, mwaka 2004, na mabadiliko yenyewe yalielezwa kuwa yanaendana na maelekezo ya FIFA na ya shirikisho la soka la Afrika, CAF. Kukusanya wajumbe wa nchi nzima ni gharama; waraka ni stempu na bahasha. Lakini Februari 2013 Serikali, kupitia aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya michezo, Fenella Mukangara, iliikataa katiba iliyopatikana kwa njia hiyo na kuitaka TFF irudi kwenye katiba ya 2006. FIFA nayo ikaonya kwamba kuingilia mambo ya ndani ya shirikisho kunaweza kuifungia Tanzania. Uchaguzi ukasimama. Yakafuata mazungumzo na ujumbe wa FIFA kuja nchini, na hatimaye Julai 2013 ukaitishwa mkutano mkuu wa dharura ambamo wajumbe walikaa na kuyapitisha marekebisho kwa kura, kisha uchaguzi ukafanyika Oktoba mwaka huohuo na Jamal Malinzi akashinda.

Tazama mzunguko ule ulivyokwenda. Mambo yaliyokuwa yamepita kwa bahasha yalirudishwa ukumbini, kwa nauli na posho zilezile zilizokuwa zinakwepwa, baada ya miezi ya mgogoro. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba WhatsApp inaokoa fedha za chama, jibu liko kwenye kumbukumbu za 2013.

Mkutano wenyewe una kazi ambayo waraka hauiwezi. Rasimu inapoletwa kwenye simu, mwanachama anabaki na maneno mawili tu, kukubali au kukataa kurasa zote 38 kwa pamoja. Ukumbini anaweza kusimama na kusema ibara ya kamati ya rufaa ni nzuri tuipitishe, ya barua za udhamini ina dosari tuirekebishe, ya miaka mitano hatuitaki. Anaweza kumsikia katibu wa klabu ya mkoa mwingine akaona kitu alichokuwa hajakiona. Kisha anaweza kupiga kura ya siri, jambo lisilowezekana kwenye kundi ambalo Katibu Mkuu ndiye msimamizi wake na kila jibu linaonekana na jina la aliyelitoa. Klabu inayosubiri kibali cha kusafiri, au ambayo kocha wake anaombewa kozi, haitaandika "Sikubali" mbele ya mtu anayesaini vibali.

Sisemi kwamba mtandao hauna nafasi. Wakati wa corona hata FIFA ilifanya mkutano wake mkuu wa 2020 kwa njia ya video. Hata hivyo ule ulikuwa mkutano: uliitishwa kwa taarifa, ulikuwa na ajenda, wajumbe walihakikiwa, na kura zilipigwa kwa mfumo unaomtambua kila mwenye haki ya kupiga. Chama kinachotaka njia hiyo kiiandike kwanza kwenye katiba, kwa mkutano wa kawaida, ndipo kiitumie.

Kuhusu dai kwamba shirikisho la kimataifa linayataka mageuzi haya, omba barua. Si kwa kejeli. Omba kwa sababu barua hizo huwapo kweli, na ukizisoma utakuta mara nyingi zinataka mambo machache mahususi, kama vile chombo huru cha rufaa, hesabu zilizokaguliwa, uwakilishi wa wanawake na wachezaji, na ukomo wa uongozi. Sijaona barua inayotaka viongozi waliopo waongezewe mwaka. Tena mashirikisho hayo yenyewe yalipofanya mageuzi yake hayakupita njia ya mkato. FIFA ilipitisha mageuzi yake tarehe 26 Februari 2016 mjini Zürich, katikati ya kashfa iliyokuwa imewaangusha vigogo wake, kwa kura 179 za ndiyo dhidi ya 22 za hapana, na sita hazikuegemea upande wowote. Shirikisho la riadha la dunia, wakati huo likiitwa IAAF, lilikutana Monaco Desemba 2016 likapitisha ya kwake kwa kura 182 dhidi ya 10. Kama nchi karibu 200 ziliweza kukusanywa ukumbi mmoja, klabu 41 zinaweza.

Sasa twende kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo wanachama wengi hupigwa chenga bila kujua. Katiba nyingi zinasema marekebisho yapite kwa theluthi mbili. Theluthi mbili ya nini? Chukua chama chenu chenye klabu 41. Tuseme mkutano umeitishwa vizuri, wamefika wajumbe 30, na wakati wa kura watatu wanatoka nje kupokea simu, wengine watatu wanaharibu karatasi. Kura halali zinabaki 24. Kama katiba inasema theluthi mbili ya wanachama wote, zinahitajika kura 28, maana yake karibu kila aliyefika akubali. Kama inasema theluthi mbili ya wajumbe waliohudhuria, zinahitajika 20. Kama inasema theluthi mbili ya kura halali zilizopigwa, zinatosha 16. Ni chumba kilekile na watu walewale, lakini pana tofauti ya kura 12 kati ya tafsiri ya kwanza na ya mwisho. Mwenyekiti anayechagua tafsiri baada ya kuona matokeo amechagua matokeo. Kwa hiyo kabla kura haijapigwa, simama uombe kiwango kitamkwe na kiandikwe kwenye muhtasari: ni wajumbe wangapi wamehakikiwa, na ni kura ngapi zinazotosha.

Ukidhani hizi ni hesabu za kujifurahisha, chama cha mpira wa meza cha Uingereza, Table Tennis England, kilijaribu Julai 2017 kupitisha mageuzi ya utawala yaliyotakiwa na Sport England, chombo cha umma kinachogawa fedha za michezo huko. Kiwango kilikuwa asilimia 75. Kura za ndiyo zilifika asilimia 74.93. Yakakwama. Hakuna aliyesema "imekaribia, tuipitishe tu". Sport England ikasimamisha fedha, wanachama wakaitwa tena kwenye mkutano wa dharura mwezi uliofuata, na safari hiyo mageuzi yakapita kwa kura nyingi. Unaweza kuuchukia ukali wa mfumo ule, na mimi sipendi sana serikali kubana koo la chama kwa fedha. Ila waliokataa walipata haki yao, na waliokubali walirudi kuwashawishi wenzao badala ya kuzigeuza namba.

Nije kwenye kiini cha rasimu yenu, ambacho ni kuhamisha kura kutoka klabu kwenda mikoa. Nimeshiriki mikutano mikuu kwa miaka mingi, mara nyingine nikiwa mshauri wa kamati ya uchaguzi, mara nyingine nikiandika muhtasari tu, na ninachokiamini ni kwamba kura ya chama cha michezo huamuliwa kwenye daftari la wanachama kabla sanduku halijafunguliwa. Anayeamua nani ni mwanachama hai ameshapiga kura nyingi kuliko sisi wote.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kusaidia uhakiki wa wajumbe katika uchaguzi wa chama kimoja cha mkoa. Tulikuwa na meza mbili mlangoni mwa ukumbi wa shule, fomu ya mahudhurio, na faili la stakabadhi za ada. Klabu sita ambazo hakuna aliyezikumbuka zilileta wajumbe. Stakabadhi zao zilifuatana namba moja baada ya nyingine, zote za tarehe ya jana yake, kwa mwandiko mmoja na kalamu moja ya kijani. Barua zao za utambulisho zilikuwa na muhuri ambao wino wake ulibaki kwenye kidole changu nilipoupitisha. Nikamuuliza mjumbe mmoja, kijana mpole aliyevaa vizuri, klabu yake inavaa jezi ya rangi gani. Akamtazama aliyekuwa nyuma yake. Tulisimamisha uhakiki kwa saa mbili, tukaomba kumbukumbu za ligi ya mkoa, na klabu mbili kati ya zile sita zikathibitika kuwa zimewahi kucheza. Nne zikakaa nje. Kulikuwa na kelele, na soda tuliyoahidiwa mchana hatukuiona. Uchaguzi ule uliamuliwa kwa tofauti ya kura tatu.

Sasa fikiria rasimu yenu kwa jicho hilo. Tanzania Bara ina mikoa 26. Kama kila chama cha mkoa kina kura moja, jiulize ni mikoa mingapi yenye klabu hai za mchezo wenu. Tuseme ni 11. Mikoa 15 iliyobaki itakuwa na mwenyekiti, katibu na muhuri, lakini haina hata mpira, na kura zake 15 zitatosha kumchagua rais bila kuhitaji hata mmoja kati ya watu wanaoucheza mchezo wenyewe. Mkoa wenye klabu tisa utakuwa sawa na mkoa wenye bango. Na kwa kuwa chama cha mkoa kisicho na klabu hakina ada wala mapato, nauli ya mjumbe wake kuja mkutanoni italipwa na mtu. Huyo mtu humjua aliyemlipia.

Hata hivyo mfumo wa mikoa wenyewe si uovu. Chama chenye klabu mia tatu hakiwezi kuziweka zote ukumbini, na uwakilishi ni lazima. TFF, kwa mfano, ina wajumbe wa vyama vya mikoa, wa klabu za Ligi Kuu, na wa vyama shiriki kama vya makocha, waamuzi, wachezaji, madaktari wa michezo na soka la wanawake. Mchanganyiko wa namna hiyo unampa kila mwenye kazi uwanjani mlango wa kuingilia. Nyinyi mna klabu 41 tu. Sioni sababu ya kuzitoa. Kama hoja ni kwamba mikoa michache inatawala kwa sababu ina klabu nyingi, basi pendekezeni kura za aina mbili: kila klabu iliyocheza mashindano yanayotambuliwa katika miezi 12 iliyopita iwe na kura yake, na kila chama cha mkoa chenye klabu zisizopungua tatu hai kiwe na kura moja ya nyongeza. Kiwango cha uhai kiandikwe kwa kucheza, si kwa kulipa ada pekee, maana ada yaweza kulipwa na mtu mmoja kwa klabu sita usiku mmoja.

Barua tano za udhamini zinaonekana jambo dogo, na ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko yote. Kusudi lake la kueleweka ni kuzuia wagombea wa mzaha. Lakini fanya hesabu chini ya rasimu hiyo: wapiga kura ni 26, na kwa kawaida mwanachama anaruhusiwa kumdhamini mgombea mmoja tu. Kiongozi aliyeko madarakani akikusanya barua 22 mapema, zinabaki nne, na hakuna mwingine anayeweza kuchukua fomu. Uchaguzi umekwisha kabla ya kampeni, tena kwa barua zilizosainiwa wazi, mwenye ofisi akijua nani ametia saini. Katika TFF, mwaka 2021 na tena 2025, Wallace Karia alibaki mgombea pekee wa urais, na mjadala mkubwa wa wapenzi wa soka ulihusu udhamini huohuo. Simlaumu mgombea anayetumia kanuni zilizopo. Nalaumu kanuni isiyo na dari. Kama chama chenu lazima kiwe na udhamini, pendekezeni barua mbili badala ya tano, na muhimu zaidi, kwamba mgombea asiruhusiwe kuwasilisha barua zaidi ya idadi inayotakiwa. Sentensi hiyo moja huondoa nusu ya mizengwe.

Kuhusu miaka mitano, nitasema kwa ufupi. Urefu wa kipindi ni uamuzi wa wanachama, lakini mabadiliko yaanze kwa watakaochaguliwa baadaye, kwa sababu nyinyi mliwapigia kura waliopo kwa miaka minne. Mkiwa kwenye ibara hiyo, andikeni ukomo, na muangalie kama mnaweka ukomo wa kiti au ukomo wa mtu. FIFA mwaka 2016 iliweka vipindi vitatu vya miaka minne, jumla miaka 12. Nchini Kenya, katika uchaguzi wa shirikisho la soka la huko, FKF, wa Desemba 2024, Nick Mwendwa aliyekuwa akimaliza muda wake wa urais aligombea nafasi ya makamu akiwa pamoja na Doris Petra aliyegombea urais. Wajumbe walimchagua Hussein Mohammed, kwa hiyo swali halikufika mbali, lakini kila mwandishi wa katiba angepaswa kujiuliza kama rasimu yake inamruhusu mtu kuhamia kiti cha pembeni kisha arudi.

Sasa mfanye nini. Kwanza, msiende mahakamani leo. Katiba nyingi za vyama vya michezo zinakataza migogoro ya ndani kupelekwa kwenye mahakama za kawaida kabla ya kumaliza njia za ndani, na huo ndio mlango wa kufungiwa unaouogopa. Kumwandikia Msajili wa vyama vya michezo katika Baraza la Michezo la Taifa, BMT, si kwenda mahakamani. Baraza liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, vyama vya michezo husajiliwa humo, na marekebisho ya katiba hupelekwa kwa Msajili ndipo yatambuliwe. Barua yenu kwake iombe jambo moja tu: asisajili marekebisho yoyote ya chama chenu mpaka aone taarifa ya mkutano, orodha ya waliohudhuria iliyosainiwa, na muhtasari unaoonyesha kura zilivyopigwa. Ni ombi dogo, na ofisa yeyote makini angetaka nyaraka hizo hata msingeomba.

Msiombe waziri auvunje uongozi. Najua hasira hushawishi, lakini mtazame jirani. Novemba 2021 aliyekuwa waziri wa michezo wa Kenya, Amina Mohamed, aliuvunja uongozi wa FKF na kuweka kamati ya mpito chini ya jaji mstaafu Aaron Ringera. Madai ya matumizi ya fedha yalikuwa mazito. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya, timu yake ya taifa, Harambee Stars, ikaondolewa kwenye kufuzu kwa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2023, na kifungo hakikuondolewa hadi Novemba. Walioumia ni wachezaji waliokuwa hawana kura hata moja katika ugomvi ule. Miaka miwili kabla yake Wakenya hao hao walikuwa wameonyesha njia iliyo salama zaidi: Mahakama ya Migogoro ya Michezo, iliyoundwa chini ya Sheria ya Michezo ya 2013, ilifuta mchakato wa uchaguzi wa FKF mara mbili, Desemba 2019 na Machi 2020, na nchi haikufungiwa kwa hukumu hizo. Tanzania hatuna chombo cha namna hiyo hasa, na nadhani tungekihitaji, lakini mantiki ni ileile: omba chombo chenye mamlaka kisimamishe utaratibu mbovu; usiombe serikali ichague viongozi.

Pili, tafuteni wenzenu. Katiba nyingi huruhusu sehemu fulani ya wanachama, mara nyingi theluthi au nusu, kudai kwa maandishi mkutano mkuu maalumu, na kutaja ajenda yake. Soma yenu inasemaje. Kama inasema theluthi, klabu 14 zikitia saini barua moja yenye ajenda moja, yaani kujadili rasimu ibara kwa ibara, chama kinakuwa kimebanwa na katiba yake yenyewe. Barua ipelekwe kwa mkono, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua pepe hupotea kwa urahisi wa ajabu kwenye ofisi zenye mgogoro.

Tatu, ikiwa kamati ya utendaji itatangaza hata hivyo kwamba katiba mpya imepita, hesabuni siku. Kata rufaa ndani ya chama kwa muda uliotajwa kwenye kanuni zenu. Na kama katiba ya chama inakubali mamlaka ya Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliyoko Lausanne, Uswisi, fahamu kwamba pale ambapo katiba haikutaja muda, kanuni za mahakama hiyo hutoa siku 21 tangu uamuzi kupokelewa. Ni njia ghali, na klabu ya mkoani haiwezi kuiendea peke yake. Naitaja kwa sababu tarehe iliyopita haiwezi kununuliwa tena.

Kuhusu kufungiwa, chama hakiwezi kuifungia klabu kwa kuuliza swali la katiba; kinahitaji kosa lililoandikwa, shitaka la maandishi, na nafasi ya kusikilizwa. Najua hilo halizuii simu za vitisho. Linachofanya ni kuhakikisha kwamba kifungo cha namna hiyo kikifika mezani kwa mtu mwingine hakitasimama. Kwa hiyo lugha ya barua zenu iwe ya adabu mno. Msimtuhumu mtu. Msitaje nia ya mtu. Tajeni ibara tu.

Mwisho, saa zenu 48 bado zinahesabika, na pengine kidole chako kiko tayari kwenye neno "Sikubali". Usiliandike. Ukijibu "Sikubali" umeshiriki, na kesho utaambiwa kwamba klabu yenu ilipiga kura ikashindwa. Andika hivi badala yake: "Klabu yetu imepokea rasimu na inaishukuru sekretarieti kwa kazi hiyo. Kwa kuwa ibara ya katiba inayohusu marekebisho inayaweka mamlaka hayo kwa mkutano mkuu, klabu yetu haishiriki katika zoezi hili wala ukimya wake usihesabiwe kuwa kura, na inaomba rasimu iwekwe kwenye ajenda ya mkutano." Taja namba ya ibara. Kisha piga picha ya skrini, tangazo la Katibu Mkuu na jibu lako vikionekana pamoja na tarehe na saa, kabla hajakuondoa kwenye kundi.